Shati la kweli kwenye turubai: Benny Andrews na hofu ya riziki Kusini mwa Marekani

Mwaka 1957 mjini Chicago, mwanafunzi mmoja mweusi wa chuo cha sanaa cha Art Institute aliamua kuwachora wafagizi wa chuo chake. Alikuwa ametoka mashamba ya pamba ya Georgia, akapitia jeshi la anga, na masomo yake yalilipiwa na serikali chini ya mpango wa kuwasomesha askari waliomaliza utumishi. Darasani walifundishwa rangi ya mafuta. Yeye aliiona rangi hiyo ya kistaarabu mno kwa watu aliotaka kuwachora, akahofia itampokonya ule ukali aliokuja nao kutoka kwao. Basi akachukua karatasi za kufutia mikono na toilet pepa, vitu ambavyo wafagizi wale walivishika kutwa nzima, akavibandika kwenye turubai pamoja na rangi. Picha akaiita Janitors at Rest, yaani wafagizi wakipumzika. Mwanafunzi huyo ni Benny Andrews, na tangu siku hiyo hadi anakufa miaka 49 baadaye hakuacha kubandika.

Wachambuzi wengi huitaja mbinu hiyo, kolaji, kama hatua ya kiufundi, kisha wanaendelea na mambo mengine. Naona wanapita haraka mno. Kwa Andrews kubandika ndiko kulikobeba hoja yote. Alikuwa anachora familia za Kusini, familia zilizoishi na hofu ya kesho kama mtu anavyoishi na maumivu ya mgongo, na alikataa kuichora hofu hiyo kwa machozi. Aliitafutia kitambaa.

Alizaliwa tarehe 13 Novemba 1930 huko Plainview, kijiji cha mashamba nje kidogo ya mji wa Madison, Georgia. Alikuwa mmoja wa watoto 10 wa George na Viola Andrews. Babu yake mzaa baba, James Orr, alikuwa Mzungu wa ukoo wa wenye mashamba makubwa. Bibi yake, Jessie, alikuwa na damu ya Kiafrika na ya wenyeji asilia wa Marekani. Kwa hiyo palikuwa na babu wa ukoo wenye ardhi, na wajukuu wanaochuma pamba kwenye ardhi ya watu. Katika Georgia ya wakati ule jambo hilo halikumshangaza mtu. Damu haikurithisha shamba kama rangi ya ngozi ilikuwa imeshaamua.

Ili kuelewa picha zake ni lazima kuelewa siku ya hesabu.

Utumwa ulipokomeshwa mwaka 1865, walioachwa huru walibaki bila ardhi na wenye ardhi walibaki bila watu wa kuilima. Hapo ukazaliwa mfumo wa kulima kwa kugawana mazao. Mwenye shamba alitoa ardhi, kibanda cha kuishi, mara nyingi na mbegu na nyumbu wa kukokota jembe. Familia ilitoa mikono. Pamba ikivunwa, nusu kwa nusu. Ukiisikia hivyo unaweza kudhani ni haki. Lakini kati ya kupanda na kuvuna kuna miezi mingi ya kula, na familia haikuwa na fedha. Ilikopa unga wa mahindi, nyama ya nguruwe ya chumvi, dawa na viatu, kwa bei ya mkopo iliyokuwa juu kuliko bei ya fedha taslimu, na riba ikapandishwa juu ya bei hiyo. Dhamana ilikuwa pamba ambayo haijaota. Daftari lilishikwa na yule anayedai.

Mwisho wa mwaka, Krismasi ikikaribia, baba aliitwa kwenye hesabu. Aliingia na kofia mkononi. Akasomewa alichozalisha, akasomewa alichokula, kisha akaambiwa mwaka huu mmetoka sare, au bado unadaiwa kidogo. Kumwambia Mzungu kwamba amekosea kujumlisha kungeweza kumfukuzisha mtu, na wapo waliopoteza uhai kwa kosa hilo. Waswahili tunasema dawa ya deni ni kulipa. Plainview na maelfu ya vijiji vya mfano wake watu walilipa kila mwaka kwa pamba, na kila Januari walianza tena na ugonjwa ule ule.

Deni hilo halikuwa la baba peke yake. Mwenye shamba alipoitazama familia alihesabu mikono, na mtoto wa miaka saba alikuwa mikono. Hofu ya fedha haikubaki dukani au benki. Ilikaa mezani pa chakula, iliamua nani aende shule Jumatatu na nani abaki. Benny alisoma zaidi siku ambazo mvua ilizuia kazi shambani. Mama yake, Viola, ndiye aliyeshikilia kwamba watoto watasoma, mvua iwepo au isiwepo, na mwaka 1948 Benny akawa wa kwanza katika familia yao kumaliza sekondari. Klabu ya vijana wa vijijini iitwayo 4-H ikampa ufadhili wa kuingia Fort Valley, chuo cha watu weusi cha jimbo hilo.

Na baba? George Andrews alikuwa mkulima, na alikuwa mchoraji. Hakuwa na turubai, akachora kwenye kilichokuwepo: mawe, viatu, samani za nyumbani, kila kitu kikapata nukta za rangi. Watu wakamwita Dot Man, bwana nukta. Uzeeni kazi zake zilikuja kuonyeshwa katika jumba la makumbusho la Morris mjini Augusta, lakini wakati watoto wanakua alikuwa tu mtu wa pale kijijini anayepaka nukta. Nadhani Benny alianza kujifunza kolaji kabla ya Chicago, kwa baba aliyemwonyesha kwamba sanaa haisubiri vifaa vya dukani. Unaanza na kiatu ulichonacho.

Mwaka 1965 Andrews, sasa mkazi wa New York, alipata ufadhili wa John Hay Whitney. Angeweza kwenda Paris, kama wachoraji wengi wa rika lake walivyotamani. Alirudi Georgia. Huko akaanza mfululizo wa picha alizoziita za maisha yake mwenyewe, na miongoni mwake kuna The Long Rows ya mwaka 1966. Mistari mirefu: aliyewahi kupalilia shamba ambalo mwisho wake hauonekani hahitaji kuelezwa jina hilo.

Hapa naomba nikae kidogo kwenye kitambaa.

Mama yangu alikuwa na kopo la biskuti chini ya kitanda. Ndani yake kulikuwa na vifungo, zipu zilizong'olewa, kola za mashati ya baba, vipande vya khanga iliyochakaa katikati ikabaki nzima pindoni. Shati likiisha kiwikoni lilikatwa likawa la mtoto. Likiisha tena likawa kiraka. Mwisho kabisa likawa tambara la kuepulia sufuria. Ukiwa mdogo huoni hesabu iliyomo humo. Ukikua ndipo unaelewa kwamba kopo lile lilikuwa benki ya nyumba, na kwamba mama alikuwa anapiga hesabu kila alipofunua mfuniko wake.

Andrews alifanya kazi kutoka kwenye kopo kama hilo. Alichukua vipande vya nguo, mkono wa shati, kipande cha suruali, tambara, akavikunja na kuvibandika, kisha akavipaka rangi hadi vikaungana na mwili wa mtu aliyemchora. Kitambaa kinainuka juu ya turubai. Ukisimama ubavuni mwa picha unaona mkunjo wa kweli ukitupa kivuli cha kweli. Uso na mikono vinaweza kuwa vimechorwa kwa mistari michache tu, mwili mwembamba, shingo ndefu, lakini nguo ipo, ina uzito, imechoka kwa namna ambayo rangi peke yake isingeweza kuidanganyia. Macho yako yanapanda kutoka kwenye nguo kwenda usoni, na unapofika usoni umeshajua mtu huyu ana kiasi gani mfukoni. Hakuna aliyelia kwenye picha. Huna njia ya kumwonea huruma ya bei nafuu.

Sisi wa pwani hii tuna neno linalotufunga na kitambaa hicho, na wengi tunalitamka bila kulifikiria. Merikani. Kitambaa kigumu cha pamba kisichopaushwa kililetwa Zanzibar na wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, na biashara hiyo ikapata nguvu baada ya mkataba kati ya Marekani na Sultani Seyyid Said mwaka 1833. Merikani ikapanda bara na misafara hadi Tabora na Ujiji, ikatumika kama fedha: pembe, chakula, ruhusa ya kupita, vyote vililipwa kwa dhiraa. Ilifumwa katika viwanda vya kaskazini mwa Marekani, na pamba yake ilitoka Kusini, ikichumwa na watumwa. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1861 hadi 1865 vilipoikata pamba hiyo, merikani ikaadimika katika maduka ya Zanzibar na vitambaa vya Bombay vikachukua nafasi. Sisemi kwamba pamba ya Plainview ilifika Tabora. Hilo siwezi kulithibitisha. Nasema kwamba mikono iliyochuma pamba ile na migongo iliyobeba marobota ya merikani njia ya Bagamoyo ilikuwa katika biashara moja, na mchoraji anayebandika kitambaa cha pamba kwenye picha ya mchumaji pamba anatuhusu zaidi ya tunavyodhani.

Kabla ya Andrews, familia maskini za Kusini zilikuwa zimeshaonekana sana. Katika miaka ya mdororo mkubwa wa uchumi serikali ya Marekani ilituma wapiga picha vijijini. Mmoja wa waliojulikana zaidi miongoni mwao, Walker Evans, alikwenda Hale County, Alabama, mwaka 1936 akapiga picha za familia tatu za Wazungu waliolima kwa kugawana mazao, kwa maana mfumo ule haukuwala weusi peke yao. Picha hizo ni kubwa, sina neno baya juu ya ufundi wake. Lakini ziangalie tena. Mwanamke amesimama mbele ya ukuta wa mbao, midomo imekazwa, anamtazama mtu asiyemjua. Tunachokiona ni familia inavyokuwa mbele ya mgeni. Mgeni alikaa majuma machache akaondoka. Andrews alichora familia inavyokuwa mgeni akishaondoka, na watu wake mara nyingi hawatutazami kabisa. Wana mambo yao, wamechoka, wanasali, wanakula.

Nisimsifu kupita kiasi. Katika miaka ya 1970 alichora picha kubwa mno kuelekea sherehe za miaka 200 ya taifa lake, moja moja zikijaza ukuta mzima, zikiwa na majina kama Trash, yaani takataka, na Sexism, yaani ubaguzi wa kijinsia. Zina hasira ya haki, lakini kwangu mimi zinapaza sauti pale ambapo picha zake za nyumbani zinanong'ona na kusikika mbali zaidi. Hasira hiyo hata hivyo ilikuwa na kazi nje ya turubai. Mwaka 1969 jumba la makumbusho la Metropolitan la New York lilipofanya maonyesho kuhusu Harlem, mtaa wa watu weusi wa jiji hilo, bila kutundika kazi za wachoraji wa Harlem, Andrews alikuwa mbele ya waandamanaji na mmoja wa waanzilishi wa umoja wa wasanii weusi uliotokana na mgogoro huo. Miaka miwili baadaye umoja huo ulianzisha madarasa ya kuchora gerezani. Alijua vizuri kwamba familia isiyopewa nafasi ya kujichora itachorwa na wengine.

Miaka yake ya mwisho ilimrudisha kwenye njia. Mwaka 2004 alianza mfululizo mpya kuhusu wahamaji, watu waliong'olewa makwao na ukame, amri za serikali au njaa. Agosti 2005 kimbunga Katrina kikaipiga pwani ya Louisiana na Mississippi, na mada aliyokuwa akiitafuta katika historia ikamfuata kwenye televisheni. Mwaka 2006 alikwenda Gulfport, Mississippi, kufanya kazi ya sanaa na watoto waliopoteza makazi. Tarehe 10 Novemba mwaka huo akafariki, siku tatu kabla ya kutimiza miaka 76, mfululizo haujakamilika.

Swali langu ni nani anaendelea, kwa sababu hofu yenyewe haijaisha. Jina ninalolifuatilia kwa karibu ni Jammie Holmes, aliyezaliwa mwaka 1984 Thibodaux, Louisiana, mji wa mashamba ya miwa. Hakusomea sanaa chuoni. Anaishi Dallas. Dunia ilimsikia tarehe 30 Mei 2020, aliporusha ndege juu ya miji mitano ya Marekani zikivuta mabango yenye maneno ya mwisho ya George Floyd, mtu mweusi aliyeuawa na polisi, lakini kazi yake ya kila siku iko chini ya paa: sebule, vibaraza, mazishi, ndugu waliokusanyika. Mwaka 2023 jumba la sanaa za kisasa la Fort Worth lilimpa maonyesho yake binafsi.

Thibodaux ina historia yake ya hesabu. Novemba 1887 wafanyakazi wa miwa wapatao 10,000 wa eneo lile waligoma katikati ya msimu wa kusaga. Walidai dola 1.25 kwa siku, na walitaka walipwe fedha badala ya vikaratasi vilivyokubalika katika duka la shamba peke yake. Wanamgambo wa Kizungu wakaingia mitaa ya weusi ya mji huo na kuua watu wasiopungua 30. Mtu anayekulia mji huo anakulia juu ya jambo hilo hata kama halisemwi mezani. Katika picha za Holmes watu wamekaa kwenye viti vya kawaida vya nyumba za kawaida, na bado unahisi kuna habari ambayo kila mmoja chumbani anaijua na hakuna anayeianza.

Ninachokitaka zaidi kutoka kwa wachoraji wa leo wa Kusini ni ile karatasi ya wafagizi. Kitu chenyewe. Kima cha chini cha mshahara cha serikali kuu ya Marekani ni dola 7.25 kwa saa na hakijapanda tangu Julai 2009. Majimbo matano, Alabama, Louisiana, Mississippi, South Carolina na Tennessee, hayana sheria yake yenyewe ya kima cha chini, na yote matano ni ya Kusini. Mshahara usipofika mwisho wa mwezi, watu wanakwenda kwenye maduka ya mkopo yaliyopangana barabarani. Alabama sheria inaruhusu duka litoze dola 17.50 kwa kila dola 100 zinazokopwa, na kwa mkopo wa siku 14 hiyo ni riba ya asilimia 456 kwa mwaka. Tanzania tumeipa mikopo ya namna hii jina, kausha damu, na sidhani kama Kiingereza kina jina lililo sahihi zaidi.

Fikiria mama wa Selma au Montgomery, miji ya Alabama hiyo hiyo, aliyekopa dola 300 kutengeneza gari, kwa sababu bila gari hafiki kazini. Baada ya wiki mbili anadaiwa dola 352.50. Hizo 52.50 za juu, kwa kima cha chini, ni zaidi ya saa saba za kusimama kwenye keshi. Akishindwa kuimaliza yote anakopa tena ili alipe, na daftari bado liko kwa anayedai, ila siku hizi liko kwenye kompyuta. Mezani nyumbani kwake kuna stakabadhi iliyokunjwa mara nne, imewekwa chini ya kikopo cha chumvi ili watoto wasiione. Watoto wameshaiona.

Andrews angeichukua karatasi ile na kuibandika pale ilipokuwa, chini ya kikopo, na mikunjo yake minne. Picha hiyo bado sijaiona.